Madarasa Tumejenga, Uwanja Tumeuweka Wapi?

Hotuba ya mwenyekiti wa kamati ya elimu, afya na maji mbele ya mkutano wa baraza la madiwani

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Halmashauri, Waheshimiwa Madiwani wenzangu, Ndugu Mkurugenzi Mtendaji pamoja na wataalamu wako, Maafisa Elimu Kata, walimu wakuu na wakuu wa shule, nanyi wananchi mliotangulia kufika na bado mmekalishwa viti vya nyuma, nawasalimu nyote.

Nimepewa nafasi ya kueleza mafanikio ya huduma za elimu, michezo na utamaduni kwa niaba ya kamati ninayoiongoza. Taarifa yenye majedwali mnayo mezani tangu jana, na kwa kuwa humu ndani hakuna asiyejua kusoma, sitaisoma. Naomba nitumie muda wangu kwa jambo ambalo majedwali yale hayana safu yake, ingawa siwezi kulifikia bila kwanza kuitendea haki kazi iliyofanyika.

Mheshimiwa Mwenyekiti, Januari 2016 nilikuwa bado nashika chaki. Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 ulikuwa umeondoa ada na michango ya lazima katika elimumsingi, na wazazi waliokuwa wakijificha kila shule inapofunguliwa walikuja asubuhi na mapema, wengine wakiwa na watoto wawili waliopishana miaka mitatu, wote wakiomba darasa la kwanza. Siku ya kwanza watoto walijaa chumba. Siku ya tatu tulihamia chini ya mwembe, na kufikia katikati ya mwezi mwembe nao ulikuwa na zamu: asubuhi darasa la kwanza, mchana darasa la pili. Serikali ilianza kuleta fedha za uendeshaji moja kwa moja shuleni, kwa hesabu ya shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi na 25,000 kwa wa sekondari kwa mwaka, sehemu yake ikibaki juu kwa ajili ya vitabu. Fedha zile hazikuwa nyingi, lakini zilikuwa za uhakika, na mwalimu mkuu aliyezoea kukopa chaki dukani anajua tofauti yake.

Kisha ukaja mwaka 2021. Nchi ilipata mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa kwa ajili ya kukabiliana na athari za UVIKO-19, na katika fedha hizo yakapangwa madarasa 15,000, yaani 12,000 ya sekondari na 3,000 ya vituo shikizi, zile shule changa zilizo chini ya shule mama, kila darasa kwa shilingi milioni 20 pamoja na samani zake. Mtakumbuka miezi ile ilivyokuwa. Kamati ya ujenzi, kamati ya manunuzi na kamati ya mapokezi ziliundwa katika kila shule, walimu wa Kiswahili wakajifunza kuhesabu nondo, na mratibu mmoja wa elimu alilala juu ya mifuko ya saruji kwa sababu stoo haikuwa na mlango. Shule zilipofunguliwa Januari 2022, watoto wote waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza waliingia kwa mkupuo mmoja, bila kusubiri awamu ya pili kama tulivyozoea. Hayo ni mafanikio, na atakayeyabeza hakuwahi kuketi na mzazi ambaye mwanawe amefaulu na hana pa kwenda.

Yapo na mengine ambayo nitayapitia kwa haraka. Mwaka wa fedha 2022/23 ada ya kidato cha tano na cha sita iliondolewa. Waraka Namba 2 wa mwaka 2021 ulifungua mlango kwa wanafunzi waliokatisha masomo, wakiwemo wasichana waliopata ujauzito, warudi katika mfumo rasmi. Juu ya hili la pili nitasema neno moja tu. Mwalimu mmoja wa darasa alinionyesha daftari lake la mahudhurio. Kulikuwa na jina lililokatwa kwa kalamu nyekundu, na chini kabisa ya orodha, nje ya mpangilio wa herufi, jina lilelile limeandikwa upya kwa kalamu ya bluu, na mbele yake alama za vema za mahudhurio zimefuatana bila kukosa siku. Ukurasa ule haukuhitaji maelezo, nami sikuuliza.

Sasa naomba nije kwenye safu isiyokuwapo.

Waheshimiwa Madiwani, madarasa haya mapya yote yamesimama mahali. Nawaomba kila mmoja wenu, kwa kata yake, ajikumbushe palikuwa na nini pale kabla ya msingi kuchimbwa. Katika shule nyingi nilizozitembelea jibu ni lilelile: palikuwa na uwanja. Pengine ni nusu ya uwanja wa mpira, pengine kiwanja cha netiboli, pengine ile sehemu ya wazi mbele ya bendera ambapo watoto wadogo walikuwa wakiruka kamba. Hakuna kikao chochote kilichowahi kuamua kwamba watoto wasicheze. Ninazo kumbukumbu za vikao vyote vya kamati yangu, nimezipekua, na azimio la namna hiyo halimo. Uwanja umeondoka bila azimio, na ndiyo maana haumo kwenye taarifa.

Nimejaribu kuelewa imekuwaje, na naona sababu zake ni za kawaida kabisa, wala sioni mtu mbaya ndani yake. Fedha huja na tarehe ya mwisho. Bei ya darasa ni moja, iwe shule iko tambarare au iko mlimani, na kila fundi anajua kwamba msingi wa kwenye mteremko unakula mawe, saruji na siku ambazo hazimo katika milioni 20. Basi kamati ya ujenzi, ikiwa na akili timamu, itatafuta ardhi iliyo sawa. Na katika eneo la shule ardhi iliyo sawa ni ipi? Ni ile ambayo watoto wa vizazi vitatu wameisawazisha kwa majembe yao kila Ijumaa jioni. Tena uwanja hauna mazao ya kufidia, hauna kaburi la kuhamisha, hauna jirani wa kugombana naye, na mara nyingi shule yenyewe haijapimwa wala haina hati. Kwa macho ya mtu mwenye haraka, uwanja ni ardhi isiyotumika.

Mtu huyo mwenye haraka alikuwa mimi. Nisiwasingizie wengine. Katika shule moja, ambayo sitaitaja, nilikwenda na mtendaji, mwalimu mkuu na fundi kuonyesha eneo la madarasa mawili. Fundi alikuwa na kamba ya nailoni ya bluu, akatafuta kitu kilichonyooka cha kuanzia vipimo vyake, na kitu pekee kilichonyooka pale kilikuwa mlingoti wa goli, mrunda wa mkaratusi uliosimikwa vizuri na mwalimu wa michezo. Akaifunga kamba pale, akatembea nayo kinyumenyume hadi katikati, akapigilia vigingi ndani ya duara la kuanzia mpira. Nilisimama nikitazama kamba inakaza na nikasema, vizuri, pamenyooka. Nikatia saini. Nilikuwa nimefundisha miaka mingi na nimepuliza filimbi katika viwanja vya aina ile, na bado sikuona nilichokuwa nakitazama.

Nilirudi pale mwaka uliofuata kukagua umaliziaji. Madarasa yalikuwa mazuri, yenye vigae safi na madirisha ya alumini. Nyuma yake, kati ya ukuta na matundu ya vyoo, kulikuwa na uchochoro usiozidi hatua kumi, na watoto wote wa shule ile walikuwa humo wakati wa mapumziko. Dirisha moja lilikuwa limezibwa kwa kipande cha boksi. Mwalimu mkuu aliniambia kwamba baada ya kioo cha pili kuvunjika alipiga marufuku mipira, na mipira miwili ya shule ilikuwa imefungiwa stoo, imekaa juu ya maboksi ya chaki, imepungua upepo. Sikuwa na neno la kumlaumu, maana kioo ni mali ya umma na angeulizwa yeye.

Mheshimiwa Mwenyekiti, jambo hili lingekuwa majuto ya mwalimu mzee tu kama lisingekutana na mambo mawili yaliyo mbele yetu.

La kwanza ni mtaala. Mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutumika Januari 2024, una somo linaloitwa Sanaa na Michezo katika shule za msingi. Si kipindi cha kupumzisha akili tena, wala si saa ya kufyeka majani. Ni somo lenye muhtasari na upimaji wake. Kwa hiyo katika baadhi ya shule zetu somo limefika wakati uwanja umeshaondoka, na mwalimu anachora kiwanja cha mpira wa wavu ubaoni, anaandika vipimo vyake, na watoto wanavinakili kwenye daftari. Nimeliona daftari hilo. Mtoto alikuwa amepata vema zote.

La pili ni hesabu, nami naomba tuifanye pamoja taratibu. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, inaweka elimu ya lazima kuwa ya miaka kumi, ambapo elimu ya msingi ni miaka sita. Watoto walioanza darasa la tatu kwa mtaala mpya mwaka 2024 watamaliza darasa la sita mwaka 2027. Wale waliokuwa darasa la nne mwaka huohuo wanaendelea na utaratibu wa zamani, na watamaliza darasa la saba mwaka 2027 pia. Mikupuo miwili itamaliza mwaka mmoja, na Januari 2028 yote miwili itabisha hodi kidato cha kwanza siku moja. Serikali imeshaanza kulizungumzia hilo, na fedha za madarasa zitakuja tena, zitakuja na tarehe ya mwisho tena, na fundi atakuja na kamba yake. Tusipokuwa na ramani mkononi siku hiyo, tutafunga kamba kwenye mlingoti wa goli uliobaki.

Nafahamu kuna atakayesema kwamba nchi inajenga viwanja vikubwa. Ni kweli, na mimi ni mmoja wa wanaofurahi. Agosti 2025 tuliandaa michuano ya CHAN pamoja na Kenya na Uganda, na mwaka 2027 majirani hawa hawa watatu tunapokea AFCON. Septemba 2025 Alphonce Simbu alishinda marathoni ya dunia mjini Tokyo kwa tofauti ya sehemu tatu za mia za sekunde, yaani sekunde 0.03, baada ya kukimbia kilomita 42 na ushee, na nyumbani kwangu tulipiga kelele hadi jirani akaja kuuliza kulikoni. Lakini kiwanja chenye viti elfu kadhaa hakimsaidii mtoto wa darasa la nne ambaye mbio zake ndefu kuliko zote ni hatua kumi za uchochoro. UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi, huanzia shuleni, hupanda kata, hupanda wilaya na mkoa hadi taifa. Na mwaka huu kuna kata ambayo ilichagua timu yake kwa kuwaazima watoto uwanja wa kanisa.

Kuna jambo la kiutawala ambalo nalo lazima niliseme, Ndugu Mkurugenzi atanivumilia. Elimu ya Awali na Msingi ni divisheni, Elimu Sekondari ni divisheni, na Utamaduni, Sanaa na Michezo ni kitengo. Ofisi zao ziko korido moja, lakini mafaili yao hayakutani. Afisa Michezo wetu aliniambia, akicheka, kwamba habari za darasa jipya huwa anazipata siku ya kuimbiwa mgeni rasmi. Mtu ambaye kazi yake ni kulinda viwanja hayumo katika kamati yoyote inayochagua mahali pa kujenga. Hili halihitaji fedha kulirekebisha. Linahitaji barua.

Kuhusu maktaba nitasema kwa ufupi, kwa kuwa ni hadithi ileile katika chumba kingine. Sheria ya kuanzisha huduma za maktaba ni ya mwaka 1963, na Maktaba Kuu ya Taifa ilifunguliwa na Mwalimu Nyerere Desemba 9, 1967, siku ya kumbukumbu ya uhuru, jambo linaloonyesha uzito ambao wakubwa wale waliipa maktaba. Kwetu, chumba kilichoandikwa "Maktaba" mlangoni kikawa darasa la pili B mwaka ule wa mafuriko ya uandikishaji, na vitabu vikahamia kabati la mwalimu mkuu, vikafungwa mafungu kwa kamba ya katani ili visipotee. Havikupotea. Tulipovifungua, vingine vilikuwa bado vinanukia wino wa kiwandani. Sasa shule kadhaa zimeanza kutumia masanduku ya mbao yanayozungushwa darasa kwa darasa, mwanafunzi mmoja akishika daftari la kuazima, na vitabu vimeanza kuchakaa. Katika taarifa ya kamati nimeomba neno "uchakavu wa vitabu" liondolewe kwenye safu ya changamoto.

Mheshimiwa Mwenyekiti, nimesema nimekuja kueleza mafanikio, na moja nimelibakiza kwa makusudi. Katika kata mojawapo, madarasa yale yale ya milioni 20 yalipokuja, serikali ya kijiji na kamati ya shule ziligoma kuugusa uwanja. Fundi aliwaeleza wazi kwamba upande wa pili ni mteremko na fedha hazitatosha. Wakamwuliza kinachopungua ni nini hasa, si kwa jumla bali kwa kitu. Akasema: mawe ya msingi, kifusi cha kujazia, na vibarua wa kuvibeba. Basi kila Jumamosi wazazi walisomba mawe kutoka korongoni, wanaume kwa mikokoteni na wanawake kwa ndoo, watoto wakubwa wakipanga mstari na kupokezana jiwe mkono kwa mkono. Msingi ukapanda hadi kimo cha kifua upande wa chini. Saruji na nondo zikanunuliwa kwa fedha iliyokuwapo, kwa kuwa kilichokuwa kinazidi kilikuwa jasho. Walichelewa kukabidhi, wakaandikiwa barua ya kujieleza, nami nilikuwa miongoni mwa walioinung'unikia kata ile katika kikao. Naomba kufuta manung'uniko yangu, na yaingie kwenye kumbukumbu yakiwa yamefutwa.

Nendeni pale jioni yoyote. Watoto wakishatoka, vijana wa ligi ya kata wanaingia. Upande wa mwembe akina mama wanacheza netiboli wakiwa wamefunga kanga kiunoni juu ya sketi, na mwamuzi wao ni mkunga wa zahanati. Mkutano wa kijiji hufanyika palepale, chanjo za mkoba hutolewa palepale, na mwaka jana msiba mkubwa ulipotokea, hema lilisimamishwa palepale. Katika halmashauri kama yetu, isiyo na bustani ya umma wala jumba la mazoezi, huduma ya burudani kwa wananchi ni uwanja wa shule. Hakuna kingine. Tunapoujengea, hatuwanyang'anyi wanafunzi peke yao.

Na pale ambapo uwanja wa mpira umeshakwenda na haurudi, tusikate tamaa kabla ya kuchukua futi kamba. Uwanja wa mpira wa miguu unataka urefu wa mita 90 kwa uchache, lakini kiwanja cha netiboli ni mita 30.5 kwa 15.25 tu. Shule ile niliyotia saini, mimi na Afisa Michezo tumeipima upya mwezi uliopita. Mbele ya ofisi ya walimu kuna sehemu iliyokuwa ikiegeshwa pikipiki na kurundikwa kuni za uji. Pikipiki zimehamia uani, kuni zimejengewa kibanda, na tumepata kiwanja kimoja kamili, kikibakiza nafasi ya mtu kusimama pembeni na kushangilia. Chokaa ilibaki kwenye ujenzi.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Mwenyekiti, kamati yangu inaleta maombi yafuatayo mbele ya baraza lako. Maeneo ya shule zetu zote yapimwe, yawekewe mipaka ya miti na kuombewa hati, tukianza na shule za sekondari ambazo ndizo zitakazopokea mikupuo miwili ya 2028. Kila shule iwe na ramani moja, ibandikwe ukutani katika ofisi ya mkuu wa shule, inayoonyesha madarasa yajayo yatakaa wapi na mahali ambapo msingi hautachimbwa. Afisa Michezo aandikiwe barua ya kuwa mjumbe katika kila timu inayokwenda kuchagua eneo la ujenzi. Na katika jedwali la mafanikio la mwakani, pembeni ya safu ya madarasa yaliyojengwa, iongezwe safu moja ya viwanja vilivyobaki, hata kama tarakimu ya kwanza itakayoandikwa humo itatuaibisha sote, nikiwemo mimi.

Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba kutoa hoja.